Stars nyumbani 2027: daftari linasema nini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina kibanda umiza cha kuonyesha mpira hapa Tanga, na tangu Taifa Stars watolewe na Morocco kwenye 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2025, wateja wangu hawaishi kubishana. Wengine wanasema AFCON 2027 iko kwetu, Kenya na Uganda, kwa hiyo robo fainali tumeshaiweka mfukoni. Wengine wanasema Stars ni ile ile, tutashangilia wimbo wa taifa halafu basi. Mimi nataka kujua mtaalamu anaipimaje timu ya taifa kabla ya mashindano. Anaanzia wapi? Na kwa kipimo hicho, nguvu yetu iko wapi na tundu letu liko wapi? La mwisho, niongeze viti au nisiongeze?"

Marahaba, mwanangu. Viti tutavifikia. Kwanza nikae na hao wateja wako.

Pande zote mbili zinaanzia mahali pamoja, kwenye majina. Mshambuliaji Samatta yupo au hayupo, kiungo Feisal Salum, Fei, yuko vizuri au ana maumivu, kocha awe mgeni au mzawa. Nami nilianzia hapo. Nikiwa kijana kwenye benchi la timu moja ya daraja la kwanza, mwalimu mkuu, mzee asiyependa maneno mengi, alinipa daftari la shule na peni akanikataza kuandika jina la mchezaji yeyote. Kila goli, letu au lao, niandike mambo matatu: dakika, mpira ulianzia wapi, na wenzetu wangapi walikuwa nyuma ya mpira. Nilinung'unika wiki nzima. Baada ya mechi kumi nilikuwa naijua ile timu kuliko wachezaji wenyewe walivyojijua.

Kwa hiyo anza kwa kuziweka kando mechi za kirafiki. Pale kocha anajaribu watu, anabadilisha nusu ya kikosi, na mpinzani naye hana haja ya kuvunjika mguu. Ukimfunga mtu mwenye njaa ya pointi ndipo andika. Ukishabaki na mechi za mashindano peke yake, chora mstari katikati ya ukurasa: nyumbani upande huu, ugenini upande ule. Kazi ya dakika kumi tu, lakini kwa Stars inatoa jibu ambalo mashabiki wengi hawalipendi.

Tuchukue mechi za kufuzu, za Kombe la Dunia na za AFCON, kuanzia Novemba 2023 mpaka Oktoba 2025. Nje ya Tanzania tulimfunga Niger 1-0 kule Marrakech, Zambia 1-0 kwao Ndola, Guinea 2-1 pale Yamoussoukro, na Ethiopia 2-0 Kinshasa. Tukatoka sare 1-1 na Congo huko Brazzaville. Tukapoteza kwa DR Congo 1-0 na kwa Morocco 2-0. Mechi saba, ushindi mara nne, mabao saba.

Sasa geuka upande wa nyumbani. Morocco walitufunga 2-0. Ethiopia, sare ya 0-0. DR Congo 0-2. Guinea tuliwafunga 1-0, ile mechi ya Novemba 2024 iliyotupeleka AFCON, Msuva akafunga na kutufanya tusilale. Halafu tukahamia uwanja wa New Amaan kule Unguja: Niger wakatufunga 1-0, na mwezi uliofuata Zambia nao 1-0. Mechi sita, bao moja. (Ya Congo tulipewa mezani 3-0, haikuchezwa, kwa hiyo daftari langu haliitambui.)

Soma tena hizo namba mbili. Mabao saba katika mechi saba ugenini, bao moja katika mechi sita nyumbani. Niger yule yule na Zambia yule yule tuliowafunga kwao au uwanja wa ugenini, walikuja kutufunga kwetu. Halafu mtu anakwambia robo fainali ni yetu kwa sababu tunacheza nyumbani.

Hakuna uchawi hapo. Ugenini mwenyeji anatoka, watu wake wanapiga kelele wakitaka goli, mabeki wake wanapanda mpaka katikati ya uwanja, na nyuma yao kunabaki shamba. Stars wanalipenda shamba. Goli la Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria kule Morocco, Desemba 2025, ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wateja wako kama una namna ya kurudisha picha: Novatus Miroshi anaupata mpira, hatafuti pasi ya karibu, anautupa mrefu nyuma ya mabeki, M'Mombwa keshaanza kukimbia kabla mguu haujagusa mpira. Pasi moja, goli. Timu ya namna hiyo inaishi kwa kuvizia, na kwa kuvizia tumekuwa wazuri kweli.

Nyumbani anayevizia ni mwenzako. Anakuja na mabeki wanne, viungo wanne mbele yao, anakaa kwenye eneo lake na kukuachia mpira. Chukua, cheza. Siku nyingine ukiitazama Stars ikiwa hivyo, usifuate mpira. Kaa na beki wetu wa kushoto kwa robo saa. Utamwona anapokea, anainua kichwa, winga wake amesimama ameganda na beki, kiungo amegeuka mgongo. Anarudisha kwa beki wa kati. Beki wa kati anapeleka kulia. Kulia hivyo hivyo. Jukwaa la mzunguko linaanza kupiga miluzi, na ile miluzi inaingia miguuni: beki anachoka kulaumiwa, anapiga ndefu, kipa wao anadaka, anaanguka nao, sekunde ishirini zimekwenda. Hesabu jambo hilo linatokea mara ngapi. Mimi nikifika mara kumi kabla ya mapumziko najua jioni itakuwa ngumu.

Ukibishiwa utaambiwa: mbona kwenye CHAN Agosti 2025 tulikuwa nyumbani hapo hapo, uwanja wa Benjamin Mkapa, Kwa Mkapa, na tukaongoza kundi? Hoja nzuri, na usiikwepe. Tuliwafunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, tukatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati wakati nafasi tumeshaipata, kisha Morocco wakatutoa kwa 1-0 robo fainali. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani peke yao, kwa hiyo uzito wake si ule wa AFCON. Ila tazama nani walifunga. Mabao matano: moja la penalti, mawili ya Mzize, na mawili yaliyobaki yalifungwa na mabeki wa pembeni. Mohamed Hussein kushoto dhidi ya Burkina Faso, Shomari Kapombe kulia dakika ya 89 dhidi ya Mauritania. Timu iliyopaki basi, yaani iliyojaza watu nyuma, ilifunguliwa na watu waliotoka nyuma kwetu, ambao hakuna aliyekuwa amepangiwa kuwakaba. Hilo ndilo jibu letu la nyumbani, na tayari tunalo kwa kiasi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Kapombe ni wa 1992, na sioni foleni ndefu nyuma yake.

Tuje kwenye nguvu, maana nisionekane mzee wa kulalamika tu.

Nguvu ya kwanza ya timu hii ni kujilinda, na imekua mbele ya macho yetu. AFCON ya Misri 2019 tuliruhusu mabao manane katika mechi tatu. Ivory Coast, Januari 2024, manne katika mechi tatu, na matatu kati ya hayo yalikuwa ya siku moja, dhidi ya Morocco, mawili yakiingia baada ya Novatus kutolewa kwa kadi nyekundu. Baada ya siku ile kocha wetu Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, Hemed Suleiman akashika timu (na ndiyo, jina lake la mpira ni Morocco, vijiwe vilicheka wiki nzima), na DR Congo wakashindwa kutufunga. AFCON ya 2025 tuliruhusu matano katika mechi nne, na kwenye 16 bora Morocco mwenyeji, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, alihitaji mpaka dakika ya 64 kupata bao lake moja. Ile penalti tuliyoidai Nado alipoanguka dakika za mwisho siingii, kila kibanda kina hakimu wake.

Uimara huo una sababu ya kawaida kabisa. Mabeki wa kati Bacca, Dickson Job na Mwamnyeto wamecheza pamoja Yanga misimu mingi. Timu ya taifa inakutana siku chache kwa mwaka, haina muda wa kufundisha beki wa kati amwachie nani mtu wake akitoka. Watu wanaofanya mazoezi pamoja kila asubuhi wanakuja na hilo somo tayari. Na Miguel Gamondi, aliyekabidhiwa Stars wiki chache kabla ya AFCON 2025, alikuwa amewafundisha pale Yanga. Ndiyo maana nikipima timu yoyote ya taifa, kabla ya kuuliza beki gani anacheza Ulaya, nauliza wangapi wanatoka klabu moja.

Sasa tundu. Kwa maoni yangu ni moja, ila lina milango miwili. Mlango mmoja umeshauona, ule wa kushindwa kufungua timu iliyokaa nyuma. Wa pili ni kushindwa kulinda tulichokipata.

Fungua ukurasa wa mechi za AFCON zenyewe. Katika mashindano matatu ya mwisho tuliyoshiriki, 2019, 2023 (iliyochezwa Januari 2024) na 2025, Stars tumeongoza mara nne. Dhidi ya Kenya 2019 mara mbili: Msuva dakika ya 6, Olunga akasawazisha ya 39, Samatta akaturudisha mbele dakika ya 40, Omolo akasawazisha ya 62, Olunga akamaliza kazi ya 80. Dhidi ya Zambia, Januari 2024: Msuva dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na Daka akasawazisha dakika ya 88. Dhidi ya Uganda, Desemba 2025: Msuva kwa penalti dakika ya 59, Ikpeazu akasawazisha ya 80, na dakika za nyongeza Okello akapaisha penalti ambayo ingetuua. Mara nne mbele, mara nne tumerudishwa. Na siku ya Nigeria, tuliposawazisha kwa lile goli la M'Mombwa dakika ya 50, Lookman alikuwa ameshatufunga tena ya 52. Watu wa nyuma ya kibanda chako bila shaka walikuwa bado wamekumbatiana.

Ndiyo sababu, ukitaka kuhesabu tangu 1980 kule Nigeria, wakati Juma Mkambi na Thuwein Ally walipotufungia mabao yetu matatu, Tanzania imecheza mechi 13 za fainali za AFCON bila ushindi hata mmoja. Sare tano. Mwaka 2025 tulipita kwenye kundi kwa sare mbili, pointi mbili, kama mshindi wa tatu bora. Nilifurahi kama mtu mwingine yeyote, ila daftari liliandika pointi mbili.

Sasa angalia mabao yale yaliingiaje. Omolo, kichwa, kona. Daka, kichwa, kona, na aliyeipiga alikuwa Clatous Chama, mtu tuliyekuwa tunamshangilia kila wiki akiwa Simba. Ajayi wa Nigeria, kichwa. Ikpeazu, kichwa. Wengi wanasema mabeki wetu wafupi. Mimi nasema urefu ni nusu tu ya habari. Mpira wa juu hauanguki kutoka mbinguni, unapigwa na mtu aliyepewa nafasi pembeni. Stars wakifunga wanarudi nyuma hatua kumi, winga anakuwa beki wa pembeni wa pili, mshambuliaji anabaki peke yake kama mlinzi wa usiku. Mpira tukiunyang'anya hatukai nao hata pasi tatu, tunaupiga mbele, unarudi. Unarudi ukiwa krosi, unarudi ukiwa kona. Ukipigiwa kona nane kwa nusu saa, ya tisa itapata kichwa hata kama una mabeki warefu kama minazi.

Unaona milango inavyokutana? Timu inayojua kukaa na mpira inaweza kumfungua aliyepaki basi, na ikishaongoza inaweza kupumzika nao, impe mpinzani kazi ya kukimbia. Stars hatujafika hapo. Tukiwa na mpira muda mrefu tunakuwa kama mgeni aliyepewa funguo za nyumba asiyojua swichi ziko wapi.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye ligi yetu, na hapa najua nitatukanwa. Ligi imekuwa na fedha, imekuwa nzuri, ila kazi ya kufungua mabeki klabu zimewapa wageni. Chama, Aziz Ki, Pacôme, Ahoua. Msimu wa 2023/24 mfungaji bora alikuwa Aziz Ki wa Burkina Faso kwa mabao 21, Feisal akimfuata kwa 19. Msimu uliofuata akawa Ahoua wa Ivory Coast. Siwalaumu, klabu zinataka makombe. Lakini mtoto wetu mwenye pasi ya mwisho anaingia dakika ya 80 mechi imeshaamuliwa, kisha tunataka akifika Stars afungue ukuta wa Niger. Mtu mmoja, Feisal, amebeba kazi ya wanne. Bao lake dhidi ya Tunisia kwenye AFCON 2025 lilitupa sare, na cha kutia moyo ni kwamba siku ile alifunga dakika ya 48 na tukashika 1-1 mpaka filimbi ya mwisho. Iandike hiyo pembeni kwa wino mwingine.

Jambo jingine la kupima ni nani anafunga, na atakuwa na umri gani siku ya mashindano. Mabao sita tuliyofunga katika AFCON tatu za mwisho, matatu ni ya Msuva. Nusu. Amefunga katika kila moja, heshima yake. Ni wa 1993, Samatta wa Desemba 1992. Sisemi waachwe, nasema 2027 timu haiwezi kuwategemea wao kwa dakika tisini. Wa nje kama M'Mombwa aliyekulia Australia na Haji Mnoga aliyezaliwa Portsmouth wameongeza watu, lakini kabla ya kushangilia jina jipya uliza swali moja: kwenye klabu yake anaanza, au anakaa benchi na koti?

Hukumu yangu, basi. Kutoka kwenye kundi naona tutatoka, kwa sababu mashindano yana timu 24 na washindi wanne bora wa nafasi ya tatu wanapita, na timu inayoruhusu bao moja moja haikosi pointi mbili tatu. Robo fainali bado sijaiona kwenye daftari. Ningekuwa na sauti kwenye benchi ningetumia kila dirisha la FIFA la mechi za timu za taifa kutafuta mpinzani mdogo anayekaa nyuma, nimlete Kwa Mkapa, niwaambie vijana siku hiyo pasi ndefu ni marufuku. Tutaaibika mechi moja au mbili. Afadhali sasa.

Wewe na wateja wako fanyeni hivi. Mechi inayofuata ya mashindano, Stars wakifunga, mtu mmoja aweke saa ya simu. Dakika kumi tangu goli. Mwingine ahesabu pasi zetu kila tunapopata mpira, mwingine ahesabu krosi zao. Mkiona pasi tano, sita, saba na krosi mbili tu, nitumie ujumbe nami nitabadilisha hukumu yangu bila kuona haya.

Viti ongeza. Hata Stars wakitolewa mapema, mechi nyingine zote zitakuwa saa zetu, na Harambee ya Kenya na Cranes ya Uganda nao wana watu wao hapo Tanga. Ila nunua vile vya plastiki vizito, vile vyepesi havikuvuka dakika ya 52 ya mechi ya Nigeria kwenye kibanda nilichokuwa mimi.